Chambo cha Okiror

Jiwe la kwanza lilimpata Erastus juu ya jicho, la pili likavunja kioo cha Landrova, na la tatu lilikuwa bado mkononi mwa mtu wakati Inspekta Ecweru alipofyatua risasi hewani. Umati ulirudi nyuma kidogo, ukatazamana, kisha ukasogea tena. Watu waliotoka kuona maiti hawatishwi na risasi moja.

"Afande, toa yeye!" mtu mmoja alipiga kelele. "Hiyo Mkenya sisi namaliza hapa hapa!"

Konstebo Oboth alikuwa amemkamata Erastus kiunoni akimburuta kinyumenyume kuelekea gari. Damu ilimtiririka Erastus machoni akawa haoni anakokwenda. Mwanamke mmoja alimchapa kwa mti wa mwavuli. Mzee mmoja, ambaye Jumapili husoma somo kanisani, alimpiga teke la tumbo, akarudi akaongeza la pili. Ecweru alimsukuma mzee huyo kwa kitako cha bunduki, akafungua mlango wa nyuma, akamtupa Erastus ndani kama gunia la mihogo.

"Panda!" alimwambia Oboth. "Panda, tutazikwa sote!"

Aliyekuwa mbele ya watu wote ni Ebong, ndugu mdogo wa marehemu Okiror. Alikuwa amerudi kutoka gereza la Kisumu asubuhi hiyo hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, akashuka basini na kupokewa na kilio. Mkono wa kulia alishika panga. Mkono wa kushoto alimpakata mtoto mchanga wa marehemu, na mtoto alikuwa akilia mpaka sauti inakauka.

"Afande," Ebong alisema, akiuegemea mlango wa gari, "jua likitua kabla hamjatukabidhi huyu mtu, tutakuja kumchukua wenyewe. Na kituo chenu kitaungua."

"Mpe mama yake huyo mtoto," Ecweru alisema.

"Huyu ni damu ya kaka yangu. Nitambeba mimi."

Watu wakamwitikia. Walimwona mwungwana: ametoka gerezani, amemkuta mkewe Apolot katika nyumba ya kaka yake, amezaa na kaka yake, na bado anambeba mtoto huyo kifuani mbele ya kadamnasi. Apolot mwenyewe alisimama nyuma yake, hakulia, hakusema. Macho yake yalikuwa kwenye panga.

Ecweru aliliona hilo, akaliweka kando. Alikuwa na kazi ya kutoka pale akiwa hai.

*

Okiror alikuwa mchimba minyoo. Ukidhani hiyo si kazi, waulize wavuvi wa Majanji, wanaotega kambare kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Bila wale minyoo wekundu wa topeni, wembamba kama uzi, ndoana zao ni vyuma tu. Wachimbaji wa pande za Busia waliwapepeta kutoka kwenye tope la kijito cha Amoni, wakawajaza vyunguni na kuwapeleka ziwani. Baba wa Okiror aliishi kwa kazi hiyo, na kijito kilitosha kila mtu.

Kisha pale juu, kwenye barabara ya Tororo, kikafunguliwa kiwanda cha kuloweka nguzo za simu na umeme zisiliwe na mchwa. Kikatoa bomba mpaka kijitoni. Msimu haukuisha, tope la Amoni likawa tupu. Ikabaki chemchemi ya Padre peke yake, kidimbwi cha tope kisichozidi ukubwa wa kanisa la kijijini, na wachimbaji wote, wa Uganda na wa ng'ambo ya mpaka, wakahamia hapo. Tangu hapo walikuwa wakipigana. Walivunjana meno, walikatana masikio, walisukumana vichwa majini. Juzi Erastus alimwangusha Okiror topeni mbele ya watu wote, akasema nikikukuta hapa tena nakuzika.

Leo alfajiri Okiror amekutwa pale pale, kifudifudi, kisogo kimepasuka. Kando yake kulikuwa na jembe lake na chungu chake cha minyoo. Nani alihitaji polisi?

"Ulisema utamzika," Ecweru alimwambia Erastus, walipofika kituoni Busia na mlango kutiwa komeo.

"Nilisema, afande."

"Ukamzika?"

"Mtu anayetaka kuua hatangazi mbele ya watu."

"Nimewapeleka gereza la Luzira wengi waliotangaza. Usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, ng'ambo. Uliza mke wangu, Wilkister."

"Mkeo atasema nini? Kwamba ulikuwa kwa mwanamke mwingine?" Ecweru aliliweka panga la Erastus mezani. Lilikuwa na damu iliyokauka karibu na mpini. "Na hii?"

"Kambare."

Ecweru aliinua panga, akalinusa. Lilikuwa na shombo kweli. Lakini shombo haikuthibitisha kitu. Mtu anaweza kumpasua kambare jioni na kumpasua jirani usiku. Kilichomsumbua ni kisogo cha Okiror. Alikikagua kabla maiti haijapelekwa hospitali Tororo. Panga hukata. Kile kilikuwa kimepondwa, na alama ya pigo ilikuwa ya mviringo.

"Oboth," alisema, "chungu cha marehemu kiko wapi?"

"Ndani ya gari, afande. Na kile ya huyu pia nimekamata."

"Lete vyote viwili. Na bakuli."

Chungu cha Okiror kilikuwa kimefunikwa kwa kipande cha gunia, kimefungwa shingoni kwa ugwe wa mafunjo. Fundo lilikuwa zuri, la mtu aliyefundishwa utotoni. Gunia lilikuwa limelowa lote, juu na chini, na hilo Ecweru alilitazama kwa muda. Kisha akakata ugwe, akafunua.

Yeye mwenyewe alizaliwa Serere, penye ziwa, na mjomba wake alitega ndoana. Minyoo hakuhitaji kufundishwa. Minyoo wazima ukiwafunua hujivuta wote chini topeni kwa mara moja, unabaki unaona matundu tu. Hawa hawakujivuta. Walikuwa wamejisokota fundo moja kubwa juu ya tope, wamepauka, wamevikwa ute mweupe kama wa kamasi. Alipoingiza kidole, fundo halikufunguka. Na kuzunguka fundo lile kulielea vipande vyembamba, vingi, vyekundu kwa upande mmoja.

"Nini hiyo?" Oboth aliuliza.

"Mikia yao. Wameikata wenyewe."

"Edeke, Mungu wangu! Mdudu anakata mkia yake?"

"Akichomwa sana, anaiacha." Ecweru alifunua chungu cha Erastus. Tope lilitikisika, wekundu wakazama, matundu yakabaki. "Hawa umewachimba lini?"

"Jana mchana, afande. Pale pale kwa Padre," Erastus alijibu, akijifuta jicho kwa mkono wa shati.

"Okiror alichimba wapi?"

"Jana? Kwa Padre pia. Alikuwa upande ule wa mafunjo, mimi upande huu. Alitoka jioni na chungu kimejaa."

"Chemchemi moja, siku moja. Wako wanacheza, wake wanakufa."

Erastus alikitazama chungu cha marehemu kwa jicho moja lililobaki wazi, uso ukambadilika. "Hii ni maji ya Amoni," alisema. "Hivi ndivyo walivyokufa wote kule. Lakini afande, nani anaweza kutia chambo maji ya Amoni? Hata kichaa hatii."

*

Kiwandani walimkuta nyapara wa mapipa, Phanuel, mtu mnene mwenye viganja vya kijani mpaka kwenye kucha. Alisikia neno polisi, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Kama ni habari ya samaki, sisi hatujaua samaki. Maji yetu ni safi. Njoo uone mwenyewe."

Aliwapeleka mpaka bombani. Kijito kilikuwa kisafi kweli, kisafi kuliko kijito chochote Ecweru alichowahi kuona nchi ile. Changarawe zilionekana moja moja. Hapakuwa na ukoka wa majini, wala chura, wala mbu. Alichovya kijiti kwenye tope la ukingoni, akakipindua. Palikuwa patupu kama sahani iliyooshwa.

"Mnatia nini humo?"

"Chumvi kidogo tu ya mrututu, ile ya shaba. Nguzo zikitoka pipani tunasuuza, maji yanateremka. Mrututu ni dawa, afande. Watu wanatibu vidonda nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue. Mwaka wa sitini na tano."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

Ecweru alichota chupa nzima, akamnyooshea. "Kunywa."

Phanuel alicheka. Akaona hakuna mwenzake anayecheka. "Mimi nina chai yangu," alisema.

"Kunywa, bwana. Ni dawa."

Nyapara alirudi nyuma, kisigino kikagota kwenye bomba. Oboth, ambaye mama yake alikuwa mchimba chambo huko Mulanda, alimshika ukosi, akamwinamisha mpaka pua ikagusa maji. Ecweru alimwacha amshike hivyo muda mrefu kidogo kuliko sheria inavyoruhusu. Wanaume walikuwa wakipasuana vichwa chemchemini kwa sababu ya viganja vile vya kijani, na mwenye viganja hivyo anakunywa chai.

"Basi, Oboth. Mwache. Siku nyingine tutarudi kwa ajili yake."

Waliondoka na chupa. Kituoni Ecweru alipanga bakuli mbili mezani, mbele ya mlango wa mahabusu. Katika kila moja alitia konzi ya tope na minyoo hai kutoka chungu cha Erastus. Moja aliimiminia maji ya chemchemi, nyingine maji ya Amoni. Akakaa akizitazama, kofia magotini. Erastus alishika nondo za dirisha la mahabusu akatazama pia, maana alifahamu sasa kwamba maisha yake yamo katika moja ya bakuli zile.

Ya chemchemi ilitulia. Ya Amoni ilianza kuchemka. Minyoo walitoka topeni mbio, wakapapatika, wakatafuta ukingo, wakatafutana wao kwa wao. Kufikia adhuhuri walikuwa fundo. Ute ukatoka. Lakini mikia ilikuwa bado imeshikamana. Ecweru alisubiri. Nje kelele za watu zilikuwa zinaongezeka. Mawe yalianza kudondoka juu ya bati. Jua lilipoanza kuinama, alichukua kijiti akafungua fundo lile taratibu. Hakuna hata mkia mmoja uliokatika.

"Tangu asubuhi," alisema, "na bado hawajafika pale walipofika wa Okiror. Na wa Okiror sisi tuliwakuta hivyo asubuhi hii, tulipofunua chungu."

Oboth alikuna kichwa. "Ina maana chungu ililala ndani ya Amoni. Usiku mzima."

"Gunia limelowa juu na chini. Kilizamishwa chote, kikafungiwa mahali."

"Kama zamani!" Oboth alisema. "Mama yangu alifanya hivyo. Jioni unafunga chungu, unalaza mtoni nyuma ya nyumba, minyoo anatapika tope, asubuhi anakuwa na nguvu mpaka ziwa. Kila mtu alilaza. Lakini sasa hapana, afande. Sasa hata mtoto wa shule anajua."

"Kila aliyekuwa hapa anajua."

Jiwe jingine lilidondoka juu ya bati, likabingirika mpaka ukingoni.

"Mtu alikwenda jela kabla kiwanda hakijafunguliwa," Ecweru alisema, "akarudi jana jioni, si leo asubuhi. Akafika nyumbani, akakuta chungu kimejaa, akakilaza pale baba yake alipokuwa akilaza. Baadaye akampiga kaka yake. Kabla ya alfajiri akamtoa huko nyumbani, akamtupa chemchemini penye ugomvi, na chungu kando ili tuone alikuwa kazini. Pale chemchemini damu ilikuwa kijiko tu. Kichwa kile kilitoa damu ya bakuli zima, mahali pengine."

"Tukamate yeye!"

"Ana mtoto mkononi," Ecweru alisema, na hapo ndipo alipoyaelewa macho ya Apolot. Mama yule hakuwa akimlilia aliyekufa. Alikuwa anahesabu umbali wa panga na shingo ya mwanawe, na ndiyo maana tangu asubuhi hakufungua kinywa. Ecweru alikuwa ameliona lile jambo mwanzo kabisa akaliweka kando kama kofia.

*

Nyumba ya Okiror ilikuwa na mgongo wake kijitoni, shamba la mtama likiwa katikati. Ua ulijaa watu. Wanawake waliokuja matangani walikuwa wanatwanga kwa zamu, na Ecweru aliona kinu cha nyumba hiyo kimelala upande, hakina mchi. Kinu na mchi waliokuwa wakivitumia mwanamke mmoja alikuwa amevibeba kutoka kwake. Hilo hakuliweka kando.

Ebong alikaa kwenye kiti cha marehemu. Mtoto alikuwa pajani, panga lilikuwa juu ya goti jingine. Apolot alikaa chini, karibu na miguu yake.

"Mmeleta mtu wetu?" Ebong aliuliza.

"Jua halijatua," Ecweru alisema. Alisimama katikati ya ua, peke yake, bila bunduki; Oboth alibaki nyuma, kati ya waombolezaji. Alikuwa amebeba chungu kikubwa kilichofunikwa gunia, cha Erastus kwa kweli, kilichobaki na minyoo hai. "Wazee, nawapa pole. Nimekuja kwa jambo dogo. Hiki ni chambo. Jaji atataka kukiona kiko hai, na mimi sina pa kukitunza kituoni, mnapiga mawe. Mtu wa ukoo akitunze mpaka kesho. Mtu anayeijua kazi."

"Mimi naijua," Ebong alisema. "Baba yetu alitufundisha sote wawili."

"Basi chukua. Kishike vizuri, ujue kimejaa."

Chungu kilichojaa tope na maji hakibebwi kwa mkono mmoja. Ebong alikitazama. Watu wote walimtazama yeye. Asingeweza kukataa kutunza ushahidi wa kaka yake mbele ya ukoo mzima. Alichomeka panga kiunoni, akamweka mtoto chini kwenye mkeka, akainuka na kupokea chungu kwa mikono miwili.

Ecweru hakumtazama mtoto. "Utakiweka wapi?" aliuliza, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Majini, hapo nyuma. Minyoo hawalali nje ya maji, afande. Wewe ni mtu wa mjini." Ebong akakata kupitia mtama, akiteremka kijitoni, chungu kifuani.

Bibi mmoja akasimama kutoka kwenye mkeka wake.

"Ebong! Hapana weka huko!"

"Ebong, maji hiyo nakufa!" mwingine alidakia. "Wewe naua chambo!"

"Tangu lini nalaza Amoni? Wewe wapi umetoka?"

Ebong alisimama ukingoni, maji yakimfika kwenye vifundo. Aliwageukia. Hakuelewa. Alitazama maji yale masafi, akatazama nyuso zao, na Ecweru aliona uelewa ukimfika polepole, kuanzia mabegani. Oboth wakati huo alikuwa ameshamwokota mtoto mkekani na kumtia mikononi mwa mama yake.

"Kila mtu hapa anajua hayo maji yanaua," Ecweru alisema kwa sauti ya kufika mbali. "Chungu cha Okiror kililala humo usiku. Nani mwingine hakujua?"

Chungu kilianguka kikavunjika. Panga lilitoka. Oboth ndiye aliyekuwa karibu, amekuja mbio na rungu, na panga likampata mkono juu ya kiwiko, nyama ikafunguka mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Alianguka kitako mtamani akiutazama mkono wake. Ebong alimpita, akiuelekea ua, akimwelekea Apolot. Ecweru alimkata njia. Panga lilipita karibu na sikio lake, likamchukua ukingo wa kofia. Aliingia chini yake kwa bega, wakabingirika wote wawili mpaka majini, na pale chini, akipapasa kwenye tope tupu apate kitu cha kupigia, mkono wake ulishika mti mzito, mnene, laini kwa kutumika. Alimpiga nao Ebong goti. Goti lilitoa sauti ya kuni. Akampiga tena mkono wa panga.

Kisha akasimama akihema, akautazama mti ule. Ulikuwa mchi. Mrututu ulikuwa umeuosha vizuri, lakini kwenye ufa wa kichwa chake nywele zilikuwa bado zimeng'ang'ania.

"Apolot," aliita. "Huu ni wa nani?"

"Ni yangu," Apolot alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Alipiga yeye na hiyo. Mimi niliona. Alisema nikifungua mdomo, anapasua mtoto."

Watu hao hao waliotaka damu ya Erastus asubuhi wakateremka sasa kwa Ebong, kwa hasira ile ile, wengine kwa mawe yale yale. Mzee wa kusoma somo alikuwa mbele tena. Ecweru hakuwa na bunduki. Alikuwa na mchi. Alisimama majini juu ya mtu aliyevunjika goti, akauinua.

"Wa kwanza namvunja meno," alisema. "Nasema kweli. Asubuhi mngeniulia mtu asiye na kosa, na sasa hivi mnataka kuniharibia mwenye kosa. Rudini nyuma!"

Jiwe moja lilimpiga kifuani. Mzee alizidi kusogea, na Ecweru alimpiga kweli, kwenye bega, mzee akakaa chini akilia kama mtoto. Hapo wakarudi.

*

Oboth alifungwa mkono kwa shati la mtu, akapelekwa hospitali. Erastus alifunguliwa. Alitoka mahabusu jicho limefumba kabisa, na mlangoni alipishana na Ebong aliyekuwa akiburutwa ndani. Walitazamana. Erastus alimpiga kofi moja zito la uso, na Ecweru akajifanya anatafuta kalamu.

"Chungu changu?" Erastus aliuliza.

"Kimevunjika. Minyoo wako wamekwenda na maji."

Erastus alifikiri. "Na ile bakuli?"

Ecweru alimwonyesha bakuli ya chemchemi, bado mezani. Erastus aliichukua kwa mikono miwili, akachungulia, akaona matundu topeni. Akatoka nayo, akaelekea mpakani giza linapoanza, bila kuaga. Hakuna aliyempiga jiwe.

Ebong alikaa sakafuni, mguu umenyooshwa, pingu mikononi. Apolot alikaa kwenye benchi akinyonyesha. Hakutaka kurudi kwenye ule ua.

"Sema," Ecweru alisema.

"Yalikufa lini yale maji?"

"Mwaka wa pili huu unakwisha."

"Yalikuwa safi. Mimi niliona changarawe. Nikasema gerezani nimekosa mengi lakini mto wetu umekuwa mzuri zaidi."

"Sema ya jana."

"Nilifika jioni. Kaka alikuwa ametoka kuchimba, amechoka, anakaa mlangoni na chungu chake. Alinikumbatia. Sikujua kitu, afande. Sikuwa na hasira na mtu. Nikamwambia, kaka, kaa tu, nitakulazia chungu mimi, kama wakati wa baba." Alilamba midomo iliyopasuka. "Alinitazama sana. Akasema, weka. Basi nikaenda. Nikafunga fundo vizuri, nikachukua muda wangu, nikanawa uso. Niliporudi nyumba ilikuwa giza, yeye amesimama mlangoni peke yake, na huko mtamani mtoto akalia. Nikauliza mtoto wa nani. Hakujibu. Alinipa mgongo, akaanza kukimbilia ile sauti. Mchi ulikuwa pale pale."

Ecweru aliandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza.

"Angeniambia tu," Ebong alisema. Machozi yalimtoka, akashindwa kuyafuta kwa sababu ya pingu. "Angesema Ebong, usiweke, yale maji yamekufa. Kwa nini aliniacha niue chambo chake?"

Mwanamke kwenye benchi alimbadilisha mtoto titi.

"Alikuwa nataka wewe toka nyumba kwanza," Apolot alisema, bila kuinua uso. "Wewe ukienda mto na chungu, mimi nashika mtoto, nakimbia upande ingine ya mtama. Siku nzima alichimba hiyo minyoo. Alijua inakufa yote. Akasema, weka."